Bei mbili za usiku mmoja: kisa cha taarab na tuzo Mombasa

Kikundi cha taarab kutoka Likoni kilitoa bei mbili kwa harusi moja, ukumbi mmoja, usiku mmoja. Ya kwanza ilikuwa shilingi 60,000. Familia ilipotuma masharti yake, ikaja ya pili: 95,000. Watu ni wale wale tisa, saa ni zile zile, wala nyimbo hazikuongezwa hata moja. Mamake bibi harusi akaona anaibiwa mchana kweupe, na pembeni alikuwa na DJ wa kike aliyekubali kwa 25,000 bila maneno mengi. Karatasi zote tatu zikaletwa kwangu nizisome, kwa kuwa kazi yangu ni kuunganisha wenye harusi na wapigaji, kazi ambayo pande zote mbili hukulaumu sawasawa.

Wenyewe nimewasitiri. Hesabu ndizo nitakazoziweka wazi, maana bila hesabu kisa hiki ni malalamiko tu, na ya hayo Mombasa hatuna upungufu.

Usiku wenyewe ulikuwa wa kupamba. Kwa asiyejua: ni usiku wa wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, simu zinakusanywa ili picha zisitoke, na bibi harusi anaingizwa akiwa amepambwa, akaketishwa jukwaani atazamwe. Wageni walialikwa saa mbili, kumaanisha kwamba wa kwanza wangefika saa tatu na nusu. Masharti ya familia yalikuwa matatu. Wapigaji wanaume wakae nyuma ya pazia. Muziki uzimwe saa saba. Na mwisho, hakuna kutuza, yaani wageni kumpa mwimbaji noti anapoimba.

La saa halikumsumbua mtu; mwenye ukumbi alikuwa na sharti hilo hilo. La pazia lilimkunja uso kiongozi wa kikundi, na nitalirudia. Lakini lililopandisha bei ni la tuzo, peke yake.

Mama alinipigia simu akiwa bado na moto. "Mwanangu, hebu nieleze. Mimi nawakataza watu wasitupe pesa, wao wanipandishia elfu thalathini na tano! Tuzo si zao, ni za wageni!"

Nilimfikishia kiongozi maneno hayo kama yalivyo. Akajibu kwa upole, kwa kuwa si mara ya kwanza kuulizwa: "Mwambie mama, ni za wageni zikiwa mkobani. Zikitoka mkobani ni mshahara wetu."

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo familia nyingi hazijawahi kuiona. Ile 60,000 ya kwanza ilikwenda hivi. Vyombo vya sauti vya kukodi, yaani spika nne, miksa, maikrofoni na nyaya zake, 14,000. Matatu ya kuwachukua Likoni na kuwarudisha usiku wa manane, 6,000. Gari lenyewe lapaswa kuondoka mapema mno, kwa sababu foleni ya feri haina ahadi na mtu, kisha likae linasubiri hadi mwisho. Mtunzi wa nyimbo ya familia 4,000. Mazoezi 3,000. Mfuko wa nyuzi na matengenezo 3,000. Fundi wa mitambo 3,000. Jumla 33,000, na bado hakuna aliyepiga wala aliyeimba. Zinabaki 27,000: waimbaji wawili 4,500 kila mmoja, na wapigaji sita, wa kinanda, udi, fidla, besi, dumbaki (ngoma ndogo) na rika (tari), 3,000 kila mmoja.

Elfu tatu. Kwa mtu anayeanza kupakia vyombo alasiri na kufika kwake karibu na alfajiri, baada ya miaka ya kujifunza fidla. Hakuna fundi wa bomba mjini hapa ambaye angekubali saa hizo kwa pesa hizo, na wapigaji nao wasingezikubali kama ndizo zote. Wanazikubali kwa kuwa wanajua kuna mfuko wa pili, ambao mwenye harusi hauoni kwa sababu hautoki kwake. Mwanamke anainuka, anakwenda kwa mwimbaji kwa maringo, noti vidoleni, anamwekea, anacheza kidogo, anarudi. Ubeti alioupenda unarudiwa kwa ajili yake. Mwingine anaona, anainuka naye. Nyimbo ya dakika saba inafika kumi na tano.

Nilimwomba kiongozi anionyeshe daftari. Sikutaka kusadiki maneno matupu, maana wapo wanaopandisha bei kisha wakatafuta sababu baadaye. Daftari lilikuwepo, limeandikwa kwa kalamu tofauti tofauti na limechafuka kama daftari la kweli linavyochafuka. Harusi tatu za karibuni za ukumbini zilileta tuzo za 28,000, 41,500 na 33,000. Kwa hiyo 35,000 aliyoiongeza haikuwa mbali. Utaratibu wao ni kwamba nusu ya tuzo ni ya waimbaji wawili, nusu nyingine inagawanywa kwa wapigaji sita. Tuzo zikiwa 30,000, mpigaji anatia mfukoni 2,500 juu ya ile elfu tatu yake, na mwimbaji 7,500 juu ya 4,500 yake. Ukizikataza, umemkata mwimbaji zaidi ya nusu ya mapato ya usiku huo.

Kwa hiyo bei ya kikundi haikupanda. Gharama ya kikundi kama hiki ni kati ya 90,000 na 100,000 kwa usiku, siku zote. Mwenye harusi ameizoea ile sehemu anayoilipa yeye, akaita hiyo ndiyo bei. Sehemu iliyobaki wanailipa wageni wake, noti kwa noti, na wanafurahi kuilipa. Familia ilipowaondoa wageni kwenye malipo, deni halikufutika, lilihamia kwake.

Zamani kulikuwa na mfuko wa tatu pia. Enzi za kaseti, maduka ya mjini kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza taarab za Mombasa, na jina la mwimbaji lilisafiri na kaseti mpaka Lamu na Zanzibar. Kaseti zimekwisha, na kilichokuja badala yake hakimpi mpigaji wa rika chochote cha kununulia unga. Ndiyo maana mfuko wa tuzo unashikwa kwa nguvu hivi sasa.

Bi mkubwa mmoja wa familia, shangazi yake babake bibi harusi, alikuwa na hoja yake: enzi zao hakukuwa na mambo ya arbuni, yaani malipo ya awali, na karatasi, wanawake wenyewe walipiga ngoma zao za vugo na lelemama na hakuna aliyelipwa. Hili nalisikia kila msimu. Ni kweli kwamba fedha haikutolewa namna hii, lakini si kweli kwamba ilikuwa bure. Kabla ya uhuru, vyama vya lelemama vya Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa sare, kwa karamu na kwa kutoana jasho, na kuna waliouza vya thamani ili chama chao kisiaibike. Na aliyepigiwa ngoma harusini kwake alikuwa na deni la kwenda kupiga kwa wenziwe, miaka na miaka. Leo binti ana kazi benki au bandarini, hana usiku kumi wa kulipa deni hilo. Analipa shilingi. Sioni kama amedhulumiwa.

Sasa DJ. Watu hutarajia niseme DJ ni bei rahisi na rahisi hukugharimu. Sisemi. Yule dada alikuwa na mashine nzuri, adabu nzuri, na 25,000 yake ilikuwa bei ya haki kwa kazi ya watu wawili na gari moja. Kwa chakula cha mchana cha siku ya pili ningemchagua yeye bila kufikiri, na kweli ndiye aliyepiga siku hiyo. Tofauti yake na kikundi iko mahali pamoja tu, nako ni kwamba nyimbo iliyorekodiwa haimjui aliyesimama mbele yake. Haiwezi kurudia ubeti kwa ajili ya nyanya aliyeinuka polepole na ambaye bado hajafika jukwaani. Kama familia haihitaji hilo, isilipie.

Hii ilihitaji, kwa sababu ambayo niliijua baadaye. Sharti la kukataza tuzo lilitoka kwa ami wa bibi harusi, nduguye baba, na alilieleza kwa dini: ni israfu, ni kujionyesha, noti za watu zinakanyagwa. Hoja yenye uzito, na zipo familia nyingi mjini zinazoishikilia kwa dhati. Lakini mama aliponipigia tena, sauti ikiwa imeshuka, alisema: "Mwanangu, si dini peke yake. Una khabari za khale zake wawili?"

Sikuwa nazo, nikazipata. Khale hao, dada zake mama mwenyewe, hawasemezani kwa ajili ya nyumba ya urithi, na wote wawili wangekuwepo. Mwenye kuijua taarab ya pwani ameshaelewa. Tuzo si pesa tu. Mtu husubiri ubeti wenye fumbo, kijembe cha jirani mwenye husuda au ndugu asiye na shukurani, kisha huinuka wakati huo huo akatuza huku uso umeelekea meza fulani. Hajasema neno. Ukumbi mzima umesikia. Yule wa pili naye atasubiri wake, na nimeona harusi ikigeuka baraza la kesi kwa njia hiyo.

Kwa hiyo familia haikuwa inakimbia tuzo. Ilikuwa inakimbia fumbo, na ilikuwa karibu kulipa 35,000 kuondoa kitu kimoja kwa kukata kingine. Tena kwa DJ wasingepona: wangemfuata mezani na kumwomba nyimbo wanayoitaka kwa jina, naye, kwa kuwa si mtu wa mtaa, angewapigia kwa nia safi kabisa.

Tulikaa watatu, mama, kiongozi na mimi, sebuleni kwa mama, kwa kahawa chungu na kaimati. Mazungumzo hayakuwa marefu mara tu lengo lilipojulikana. Kwanza, mama alitoa orodha ya nyimbo zisizopigwa. Kiongozi aliisoma, akacheka, akaongeza mbili ambazo mama alizisahau. Hapo mama alimwamini. Pili, tuzo zikaruhusiwa, ila si mkononi mwa mwimbaji na si katikati ya ubeti: kapu la ukindu liwekwe mbele ya jukwaa, likilindwa na somo wa bibi harusi, yaani mwanamke anayemfunda, na anayetaka kutuza atie nyimbo ikimalizika. Tatu, ada ikabaki 60,000, pamoja na dhamana: kapu lisipofika 30,000, familia itajazia, lakini nyongeza isizidi 15,000. Mama akawa anajua kwamba vyovyote iwavyo, hatapita 75,000. Kikundi nacho kikajua kwamba usiku wa mkono mzito hautawaua.

Ami akaambiwa kwamba hakuna noti itakayokanyagwa. Akaridhika, au alinyamaza, ambayo kwa ami ni karibu sawa.

Jambo moja mama alitaka kulikata mpaka mwisho ni zile 4,000 za mtunzi. "Nyimbo tele, za nini kutunga nyingine?" Nilimsihi aziache. Nyimbo ya familia hutungwa kwa mizani, silabi nane kwa nane, na majina ya watu hayakuzaliwa kwa mizani. Mtunzi alikuja na mwanzo wake, "Mahashumu karibuni, leo ni yetu furaha," kisha akakwama siku nzima kwenye jina la marehemu nyanya, lenye silabi nyingi kuliko nafasi. Mwisho alimwita kwa lakabu aliyojulikana nayo mtaani kwao Kibokoni, ambayo wajukuu wenyewe walikuwa wameanza kuisahau. Na mpangilio wa majina ulibadilishwa mara mbili kwa simu, kwa sababu upande wa mume usingetajwa baada ya majirani.

Usiku ulipofika, pazia lilikuwa ndilo tatizo, kama kiongozi alivyohofu. Yeye hupiga kinanda akiutazama ukumbi. Anaona sinia zikitoka, anaona mlango ukifunguka, anaona wanawake wamechoka kukaa, na anabadilisha mwendo kabla hawajajua kwamba wamechoka. Nyuma ya kitambaa alikuwa kama dereva aliyezibwa kioo. Walilitatua wenyewe. Mwimbaji wa pili, wa kuitikia, alisimama ukingoni mwa pazia, na mkono wake wa kulia aliuweka nyuma ya mgongo, upande wa wapigaji. Kidole kimoja: rudia ubeti. Viwili: ongezeni mwendo. Ngumi: malizeni. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa nyuma, na kwa muda mrefu niliutazama mkono ule kuliko nilivyomtazama bibi harusi. Wageni hawakuona kitu. Waliona mwanamke amesimama kwa heshima.

Bibi harusi alichelewa, kwa kuwa mpambaji hakuridhika na ushungi. Ngumi haikutoka. Vilitoka vidole viwili, wakaingia chakacha, udi na fidla zikakaa kimya, na ukumbi mzima ukawa kiunoni. Hakuna aliyeuliza saa.

Kazi nyingine ambayo haikuonekana ni ya fundi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinauhesabu usiku kuanzia saa mbili, na nje katika eneo la makazi kiwango kinashuka kutoka desibeli 50 za mchana hadi 35. Thelathini na tano si zaidi sana ya mnong'ono, kwa hiyo taarab ya uwanjani usiku bila kibali ni kujitafutia kesi. Ukumbi huu ulikuwa na kuta, lakini pia madirisha, na nyumba za watu hatua chache nje. Fundi alizigeuza spika ziangalie ndani, akapunguza besi ilipofika saa nne, na alitoka nje kusikiliza mara kwa mara. Askari hawakuja. Elfu tatu ile ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kwenye karatasi.

Lile kapu halikupendwa na kila mtu. Mwanamke mmoja, mtu mzima mwenye dhahabu mpaka kiwikoni, alilitazama kama bakuli la sadaka na akasema kwa sauti kwamba yeye hatuzi kapu, anatuza mtu. Akapita pembeni ya somo, akamwekea mwimbaji elfu moja mkononi. Hakuna aliyethubutu kumzuia, na ubeti aliouchagua ulikuwa wa kumsifu mama mzazi, kwa hiyo tulivuta pumzi. Utaratibu wa kapu unapoza moto, hilo lazima likubaliwe. Watu hawatuzi ili pesa ifike tu. Wanatuza waonekane wakituza. Khale wawili walikaa meza mbili tofauti, na kila mmoja alitia kapuni kimya kimya, na sidhani kuna aliyehesabu kuliko walivyohesabiana wao.

Kapu, pamoja na ile elfu moja ya mama wa dhahabu ambayo mwimbaji mwenyewe aliitia humo, lilikuwa na 21,400. Karibu 9,000 kati ya hizo ziliingia wakati wa nyimbo ile moja ya familia, ilipotajwa lakabu ya nyanya. Zile 4,000 za mtunzi zilikuwa zimejilipa. Mama alijazia 8,600 kwa M-Pesa, gharama yake yote ikawa 68,600. Tofauti na bei ya pili: 26,400 zilizobaki nyumbani. Kikundi kilipata 90,000, ndani ya kile walichokizoea.

Makubaliano yote yalikuwa kwenye ukurasa mmoja: arbuni nusu, isiyorudishwa kikundi kikishakataa kazi nyingine ya siku hiyo, saa ya kufika, saa ya kuzima, orodha ya nyimbo, na hesabu ya kapu mbele ya watu wawili. Karatasi ya namna hiyo, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, inatosha kusimama nayo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Hatukufika huko. Lakini msimu wa harusi hubanana Shaaban, kabla ya Ramadhani kufunga kila kitu, na Mfungo Mosi baada yake, na ni katika miezi hiyo kikundi kimoja huahidi nyumba mbili.

Lililobaki bila jibu liliibuka ndani ya kikundi chenyewe, kwenye matatu ya kurudi. Ile 8,600 ya kujazia ni tuzo au ni ujira? Ikiwa tuzo, nusu yake ni ya waimbaji, na kila mmoja anaondoka na 7,500 kama kawaida. Ikiwa ujira, inagawanywa sawa kwa wanane, na mwimbaji anapungukiwa 1,075 huku mpigaji akiongezewa 358. Waimbaji walisema wao ndio waliosimama mbele ya pazia. Wapigaji walisema familia imelipa kikundi, haikumtuza mtu. Kiongozi aliamua ni tuzo. Mpigaji wa dumbaki bado hajakubali, na amesema dhamana nyingine ikija, liandikwe kwenye karatasi kabla feri haijavukwa.